Baki na Kugawanyika kwa Namba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi wa madarasa ya juu ya msingi na wa sekondari, wa mzazi anayekaa na mtoto jioni kusahihisha daftari la hisabati, na wa yeyote anayejiandaa kwa mashindano. Maswali ya baki huwatisha watu kwa sababu huja na namba kubwa: 2¹⁰⁰, au namba ya tarakimu tisa. Mara nyingi namba hiyo kubwa haihitajiki kabisa. Anayeshika baki mapema na kuiacha namba yenyewe humaliza kazi kwa mistari michache. Karibu majibu yote hapa chini yanatoka kwenye wazo hilo moja.

Baki ni nini hasa?

Ukigawanya 47 kwa 5, unapata 9 na kubakiwa na 2. Tunaandika 47 = 5 × 9 + 2. Mtu mwingine anaweza kuandika 47 = 5 × 8 + 7, na hesabu yake haina kosa la kujumlisha wala kuzidisha. Lakini 7 si baki, kwa sababu ndani yake mna 5 nyingine ambayo haijatolewa. Kwa hiyo baki lina sharti: lisiwe chini ya 0, na liwe dogo kuliko kigawanyo. Ukigawanya kwa 5, mabaki yanayowezekana ni 0, 1, 2, 3 na 4 tu. Sharti hilo ndilo linalofanya kila namba iwe na baki moja tu kwa kila kigawanyo, na bila hilo maswali yote yanayofuata yangekuwa na majibu mengi.

Baki likiwa 0, tunasema namba inagawanyika kwa kigawanyo hicho. Kugawanyika, basi, ni hali moja tu ya baki.

Kikokotoo kinanipa desimali. Nitapataje baki?

Chukua 1,000 ÷ 37. Kikokotoo kinaonyesha 27.027027… Shika 27, zidisha kwa 37 upate 999, kisha toa kwenye 1,000. Baki ni 1.

Kosa linaloonekana sana madaftarini ni kuichukua desimali kama ndiyo baki. 47 ÷ 5 = 9.4, na mwanafunzi anaandika "baki 4". Hiyo 0.4 ni sehemu ya 5, kwa hiyo baki ni 0.4 × 5 = 2.

Je, 0 inagawanyika kwa 7?

Ndiyo. 0 = 7 × 0 + 0. Isiyowezekana ni kugawanya kwa 0.

Namba hasi ina baki gani?

Sharti halibadiliki. −17 kwa 5: wengi huandika −17 = 5 × (−3) − 2 na kusema baki ni −2. Lakini baki halitakiwi kuwa chini ya 0, kwa hiyo tunashuka hatua moja zaidi: −17 = 5 × (−4) + 3. Baki ni 3.

Wanaojifunza kuandika programu wawe macho hapa. Lugha za C na Java hutoa −2 kwa hesabu hii, na Python hutoa 3. Programu iliyosahihi kwenye lugha moja inaweza kuharibika ikihamishiwa nyingine kwa sababu ya tofauti hiyo pekee.

Hata hivyo, wakati wa kukokotoa unaruhusiwa kutumia namba hasi kama njia ya mkato, mradi mwishoni uirudishe ndani ya sharti. Kwa 7, badala ya kubeba 6, beba −1. Kuzidisha −1 mara hamsini ni rahisi kuliko kuzidisha 6 mara hamsini.

Alama ≡ na neno "moduli" maana yake nini?

Tunaposema 23 ≡ 2 (moduli 7), tunasema 23 na 2 zina baki moja zikigawanywa kwa 7. Au, kwa maneno mengine, tofauti yao, 21, inagawanyika kwa 7. Alama hii aliitumia Mjerumani Carl Friedrich Gauss katika kitabu chake cha nadharia ya namba kilichochapishwa mwaka 1801, akiwa na umri wa miaka 24.

Faida yake ni kwamba unaweza kujumlisha, kutoa na kuzidisha mabaki badala ya namba zenyewe. Tuseme umeulizwa baki la 86 × 57 + 40 kwa 7. Baki la 86 ni 2, kwa kuwa 84 ni 7 × 12. Baki la 57 ni 1. Baki la 40 ni 5. Basi 2 × 1 + 5 = 7, na 7 ina baki 0. Namba yote inagawanyika kwa 7. Ukitaka kuhakikisha, 86 × 57 + 40 = 4,942 = 7 × 706. Lakini hukuhitaji kuifahamu 4,942.

Kwa nini inakubali? Kwa sababu 86 ni 2 pamoja na mafungu kamili ya saba, na 57 ni 1 pamoja na mafungu kamili ya saba. Ukizidisha, kila kipande kilichoguswa na fungu la saba kinabaki kuwa kigawe cha 7. Kinachosalia nje ya mafungu ni 2 × 1.

Kwa nini tukijumlisha tarakimu tunajua kama namba inagawanyika kwa 3 au 9?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu watoto hufundishwa kanuni bila kuambiwa sababu, na sababu yenyewe ni ya mistari miwili.

10 ikigawanywa kwa 9 inabaki 1. 100 inabaki 1 pia, maana ni 99 + 1. 1,000 ni 999 + 1. Sasa chukua 4,725. Ni 4 × 1,000 + 7 × 100 + 2 × 10 + 5. Badilisha kila 1,000, 100 na 10 uweke baki lake, yaani 1: unapata 4 + 7 + 2 + 5 = 18. 18 inagawanyika kwa 9, kwa hiyo 4,725 nayo inagawanyika. (Ni 9 × 525.) Na kwa kuwa 9, 99 na 999 zote zinagawanyika kwa 3, maelezo hayohayo yanatosha kwa 3.

Kuna jambo ambalo madarasani huachwa. Kanuni hii haisemi ndiyo au hapana tu, inakupa baki lenyewe. 5,348: 5 + 3 + 4 + 8 = 20, na 2 + 0 = 2. Basi 5,348 kwa 9 inabaki 2, bila kugawanya chochote.

Waandishi wa hisabati wa Kiarabu wa zama za kati waliitumia njia hii kukagua hesabu zao, na wakaiita mizani. Tuseme umezidisha 347 × 286 ukapata 99,242. Tarakimu za 347 zinatoa 14, kisha 5. Za 286 zinatoa 16, kisha 7. 5 × 7 = 35, kisha 8. Tarakimu za 99,242 zinatoa 26, kisha 8. Zimelingana. Zisingelingana, ungejua kwa hakika kwamba umekosea. Zikilingana, bado si hakika kamili kwamba umepatia: ungeandika 99,422 kwa kubadilisha tarakimu nafasi, mizani isingeona kitu, maana jumla ya tarakimu ni ileile.

Na kanuni za 2, 4, 5 na 8?

Hizi zinatazama mwisho wa namba. 10 inagawanyika kwa 2 na 5, kwa hiyo tarakimu ya mwisho inatosha. 100 inagawanyika kwa 4, kwa hiyo tazama tarakimu mbili za mwisho. 1,000 inagawanyika kwa 8, kwa hiyo tazama tatu. Hizi pia hutoa baki: 73,918 kwa 4 ina baki lilelile la 18, yaani 2.

Ya 11 ikoje?

10 ni pungufu ya 11 kwa 1, kwa hiyo kwa moduli 11 namba 10 ni sawa na −1. 100 ni −1 × −1 = 1. 1,000 ni −1 tena. Ndiyo maana tunaanza kulia na kubadilisha alama: jumlisha, toa, jumlisha, toa.

918,082: 2 − 8 + 0 − 8 + 1 − 9 = −22. Inagawanyika kwa 11.

Kutokana na hili, namba yoyote inayosomeka sawa mbele na nyuma, ikiwa na idadi shufwa ya tarakimu, lazima igawanyike kwa 11. Jaribu 2,552 au 471,174. Kila tarakimu inakutana na pacha wake mwenye alama ya kinyume, na zote zinafutana.

Kuna kanuni ya 7?

Zipo, na mbili zinafaa kujulikana.

Ya kwanza: kata tarakimu ya mwisho, iongeze mara mbili, itoe kwenye kilichosalia. 3,094: 309 − 8 = 301. Rudia: 30 − 2 = 28. 28 inagawanyika kwa 7, basi 3,094 inagawanyika. Lakini kanuni hii inajibu ndiyo au hapana peke yake, baki inaliharibu. Jaribu na 15: 1 − 10 = −9, ambayo kwa 7 ina baki 5, ilhali baki la kweli la 15 ni 1. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kutumia njia hii kwenye swali linalotaka baki.

Ya pili ni nzuri zaidi, na inatokana na 1,001 = 7 × 11 × 13. Kwa hiyo kwa vigawanyo vyote vitatu 1,000 ni sawa na −1. Gawa namba yako katika mafungu ya tarakimu tatutatu, kama tunavyoweka mikato, kisha toa na jumlisha kwa kupishana kuanzia kulia. 254,618,371: 371 − 618 + 254 = 7. Papo hapo umepata majibu matatu. Inagawanyika kwa 7. Kwa 11 inabaki 7. Kwa 13 inabaki 7 pia. Njia hii inatunza baki.

Kwa namba ya tarakimu tatu au nne, mimi ningegawanya tu kwa njia ya kawaida. Kanuni inayochukua muda kuliko kugawanya haina msaada.

Namba ikigawanyika kwa 4 na kwa 6, je, inagawanyika kwa 24?

Hapana, na swali hili limewaangusha wengi. 12 inagawanyika kwa 4 na kwa 6, lakini si kwa 24. Unachoweza kuahidi ni Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha 4 na 6, ambacho ni 12. Kuzidisha moja kwa moja kunaruhusiwa pale tu namba mbili hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Hivyo kwa 6 pima 2 na 3. Kwa 12 pima 3 na 4, usipime 2 na 6: 18 inagawanyika kwa 2 na kwa 6, lakini kwa 12 haigawanyiki. Kwa 36 pima 4 na 9.

Hapa ndipo yanapotoka maswali ya tarakimu zilizofichwa. Tuseme namba ya tarakimu nne 7a4b inagawanyika kwa 36. Tafuta a na b. Anza na 4, kwa kuwa inabana zaidi: "4b" lazima igawanyike kwa 4, basi b ni 0, 4 au 8. Sasa 9: 7 + a + 4 + b lazima iwe kigawe cha 9. Ikiwa b = 0, tunahitaji 11 + a, basi a = 7. Ikiwa b = 4, ni 15 + a, basi a = 3. Ikiwa b = 8, ni 19 + a, basi a = 8. Majibu ni matatu: 7,740, 7,344 na 7,848. Usiishie kwenye la kwanza, maana swali mara nyingi linataka yote.

Nitapataje baki la 2¹⁰⁰ kwa 7?

Usiikokotoe 2¹⁰⁰. Ina tarakimu 31.

Andika mabaki ya vipeo vya kwanza: 2¹ inabaki 2, 2² inabaki 4, 2³ ni 8, inabaki 1. Ukifika 1 umefika penye faida, kwa sababu kuanzia hapo mzunguko unarudi: 2, 4, 1, 2, 4, 1. Urefu wake ni 3. Gawanya kipeo kwa 3: 100 = 3 × 33 + 1. Basi 2¹⁰⁰ ni (2³) kipeo cha 33, mara 2. Kwa moduli 7 hiyo ni 1 × 2 = 2. Baki ni 2.

Tazama kwa makini kipi kinagawanywa kwa kipi. Namba ya chini, yaani 2, inapunguzwa kwa moduli 7. Kipeo, yaani 100, kinapunguzwa kwa urefu wa mzunguko, ambao ni 3. Anayepunguza kipeo kwa 7 atapata 100 → 2, kisha 2² = 4, na jibu hilo si sahihi. Ningeomba kila mwalimu asimame hapa kwa muda mrefu, maana kosa hili hufanana sana na kazi sahihi.

Tarakimu ya mwisho ni baki kwa 10. Ya 7²⁰²⁵? Mzunguko ni 7, 9, 3, 1, urefu 4. 2025 kwa 4 inabaki 1. Tarakimu ya mwisho ni 7.

Kama mzunguko ni mrefu?

Ikiwa moduli ni namba tasa, una msaada wa Mfaransa Pierre de Fermat, aliyeutaja katika barua ya mwaka 1640: ukichukua namba isiyogawanyika kwa namba tasa p, ukaipa kipeo cha p − 1, baki lake kwa p ni 1. Fermat hakuambatanisha uthibitisho. Wa kwanza kuchapishwa ulikuwa wa Leonhard Euler, karibu karne moja baadaye.

Kwa 13, basi, kipeo cha 12 daima kinatoa 1. Baki la 3²⁰⁰ kwa 13: 200 = 12 × 16 + 8, kwa hiyo tunahitaji 3⁸ tu. 3² = 9, 3³ = 27 inabaki 1, basi 3⁸ = 3³ × 3³ × 3² inabaki 9. Hapa mzunguko wa kweli ni 3, mfupi kuliko 12. Fermat haahidi mzunguko mfupi kabisa, anaahidi kwamba urefu wake unagawanya p − 1. Na usitumie kanuni hii kwa moduli isiyo namba tasa: 2⁵ kwa 6 ni 32, inabaki 2, si 1.

Swali linasema: "kwa 3 inabaki 2, kwa 5 inabaki 3, kwa 7 inabaki 2". Nianzie wapi?

Namba hizi hasa zinatoka katika kitabu cha kale cha Kichina cha Sunzi, na ndiyo maana kanuni ya aina hii huitwa ya Kichina. Zipo fomula za kulitatua, lakini kwa mtihani napendekeza kuchuja hatua kwa hatua, ukianza na kigawanyo kikubwa.

Kwa 7 inabaki 2: 2, 9, 16, 23, 30… Sasa tafuta humo inayobaki 3 kwa 5. 2 inabaki 2, 9 inabaki 4, 16 inabaki 1, 23 inabaki 3. Imepatikana. Kuanzia hapa ungeruka kwa 35, yaani 23, 58, 93…, ukitafuta inayobaki 2 kwa 3. 23 yenyewe inabaki 2. Jibu dogo ni 23, na mengine yanafuata kwa kuongeza 105 kila mara: 128, 233, na kuendelea.

Kabla ya kuchuja, lakini, tazama kama kuna mkato. Mara nyingi upo. "Mayai yakipangwa manne manne yanabaki 3, matano matano yanabaki 4, sita sita yanabaki 5." Kila mara limepungua yai moja kukamilisha fungu. Ongeza yai moja, na idadi inagawanyika kwa 4, 5 na 6, yaani kwa 60. Idadi ndogo ya mayai ni 59.

Kinyume chake ni swali alilolishughulikia Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Cairo yapata miaka elfu moja iliyopita: namba inayobaki 1 ikigawanywa kwa 2, 3, 4, 5 na 6, lakini inagawanyika kwa 7. Toa 1, na kinachobaki ni kigawe cha 60. Basi namba ni 61, 121, 181, 241, 301… Mabaki yao kwa 7 ni 5, 2, 6, 3, 0. Ndogo ni 301. Yeye aliona kwamba 1 × 2 × 3 × 4 × 5 × 6 + 1 = 721 inafaa, na kwamba umbo hilo linafanya kazi kwa kila namba tasa mahali pa 7. Ni uvumbuzi mkubwa uliofichika ndani ya fumbo dogo.

Je, kuna wakati swali la aina hii halina jibu?

Ndiyo. "Inabaki 1 kwa 4 na inabaki 2 kwa 6." Sharti la kwanza linasema namba ni witiri, la pili linasema ni shufwa. Vigawanyo vikiwa na kigawo cha shirika, masharti yanaweza kugombana. Visipokuwa nacho, jibu lipo daima.

Lini natumia KKS na lini KDS?

Namba isiyojulikana ikiwa ndiyo inayogawanywa, fikiria KDS, kama kwenye mayai. Ikiwa ndiyo kigawanyo, fikiria Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS).

"Tafuta namba kubwa inayogawanya 245 na 1,029 ikibakiza 5 kila mara." Toa 5: 240 na 1,024. KKS ni 16. Hakikisha ni kubwa kuliko 5, vinginevyo isingeweza kubakiza 5.

Swali gumu kidogo ni pale baki linapokuwa sawa lakini halitajwi. "Namba kubwa inayogawanya 122, 206 na 332 ikibakiza baki lilelile." Ukitoa namba mbili zenye baki sawa, baki linatoweka. Tofauti ni 84, 126 na 210. KKS yake ni 42, na baki ni 38.

Kutafuta KKS ya namba kubwa, usihangaike na vigawo tasa. Tumia njia iliyoandikwa na Euklide yapata mwaka 300 KK: gawanya kubwa kwa ndogo, kisha kigawanyo kwa baki, na kuendelea mpaka baki liwe 0. 1,024 kwa 240 inabaki 64. 240 kwa 64 inabaki 48. 64 kwa 48 inabaki 16. 48 kwa 16 inabaki 0. KKS ni 16.

Naweza kufuta namba pande zote mbili kama kwenye aljebra?

Kwa tahadhari. 2 × 5 na 2 × 8 zote zinabaki 4 kwa 6. Ukifuta 2, unabaki na 5 na 8, ambazo kwa 6 zina mabaki tofauti, 5 na 2. Unaruhusiwa kufuta pale namba unayofuta na moduli zisipokuwa na kigawo cha shirika zaidi ya 1. Hapa 2 na 6 wana 2, kwa hiyo moduli nayo inagawanywa kwa 2: 5 ≡ 8 (moduli 3). Hilo ni kweli.

Nimejaribu mifano mingi na yote imekubali. Si inatosha kama uthibitisho?

Haitoshi. Chukua n² + n + 41. Weka n = 0, 1, 2, mpaka 39: kila mara unapata namba tasa. Mifano arobaini mfululizo! Weka 40: unapata 1,681, ambayo ni 41 × 41.

Uzuri wa mabaki ni kwamba yanakupa njia ya kuangalia namba zote kwa kuangalia chache. "Thibitisha kuwa n³ − n inagawanyika kwa 6." Namba n ni nyingi bila kikomo, lakini kwa moduli 6 mabaki ni sita tu. Weka 0, 1, 2, 3, 4, 5: unapata 0, 0, 6, 24, 60, 120. Zote zinagawanyika kwa 6. Huo ni uthibitisho kamili, kwa kuwa hakuna baki lililoachwa. Ukipenda njia nyingine, n³ − n ni (n − 1) × n × (n + 1), namba tatu zinazofuatana. Miongoni mwao lazima iwepo shufwa na lazima iwepo kigawe cha 3.

Moja zaidi, ambayo hupendeza sana. Katika 11, 111, 1,111, 11,111 na kuendelea, je, kuna namba yoyote iliyo kipeo cha pili cha namba kamili? Namba shufwa ikizidishwa yenyewe inabaki 0 kwa 4. Witiri inabaki 1. Basi hakuna kipeo cha pili kinachobaki 2 au 3. Namba zetu zote zinaishia na 11, na 11 kwa 4 inabaki 3. Hakuna hata moja.

Mabaki yanatumika wapi nje ya darasa?

Siku za wiki kwanza. Weka Ijumaa 0, Jumamosi 1, Jumapili 2, mpaka Alhamisi 6. Tanganyika ilipata uhuru Jumamosi, tarehe 9 Desemba 1961. Muungano na Zanzibar, tarehe 26 Aprili 1964, ulikuwa siku gani? Kutoka 9 Desemba 1961 hadi 9 Desemba 1963 ni siku 730. Kutoka hapo hadi 26 Aprili ni 22 + 31 + 29 + 31 + 26 = 139, tukikumbuka kuwa Februari ya 1964 ilikuwa na siku 29. Jumla ni 869, ambayo kwa 7 inabaki 1. Jumamosi na moja ni Jumapili.

Pili, namba iliyo chini ya mistari myeusi kwenye bidhaa dukani. Ina tarakimu 13, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Jumlisha tarakimu za nafasi witiri, ongeza mara tatu ya tarakimu za nafasi shufwa, kisha tarakimu ya mwisho inachaguliwa ili jumla yote igawanyike kwa 10. Kwa namba ya mfano inayoanza na 620, kiambishi cha Tanzania: 620123456789 inatoa 26 + 3 × 27 = 107, kwa hiyo tarakimu ya ukaguzi ni 3. Keshia akikosea tarakimu moja anapoandika kwa mkono, jumla haitagawanyika tena kwa 10 na mashine itakataa. Kadi za benki na vitabu vina ukaguzi wa jamaa hiyohiyo.

Tatu, usiri wa mawasiliano ya intaneti. Mfumo wa RSA, uliobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, ni vipeo na mabaki kama ya 2¹⁰⁰ kwa 7, ila moduli yake ina mamia ya tarakimu.

Nipe maswali ya kujipima.

Yafanye bila kikokotoo. Moja: baki la 3⁵⁰ kwa 5. Mbili: namba ndogo inayobaki 7 kwa 8, 8 kwa 9, na 9 kwa 10. Tatu: tafuta x ili 52x6 igawanyike kwa 11. Nne: andika 1, kisha 1 × 2, kisha 1 × 2 × 3, na kuendelea mpaka zao la namba zote kuanzia 1 hadi 100, jumlisha mazao hayo yote mia moja, kisha tafuta baki kwa 12.

Majibu kwa mpangilio huo: 4, 359, 3 na 9. Kama la nne limekukwamisha, tazama 1 × 2 × 3 × 4 = 24, ujiulize inabaki ngapi kwa 12, na mazao yote yanayoifuata yanabaki ngapi.